Pointi Tatu Zilizokwama Takwa

"Wageni wako Takwa, kocha. Mai yametoka. Tulia, uhisabu pointi zako."

Hayo ndiyo maneno tuliyoyaacha yakilia ndani ya simu ya Kocha Chelangat Jumamosi iliyopita. Mashabiki wa Kwetu FC walikuwa wamefurika uwanja wa Amu, kisiwani Lamu, na wapinzani wao, Mawingu FC, hawakuonekana hata kivuli. Aliyesema maneno hayo ni Barka, mwenye boti, mkuu wa mashabiki. Na alikuwa akicheka.

Chelangat alikata simu.

Wewe msomaji uliyetukuta njiani, shika hili upesi. Kwetu ilishuka daraja, nyota wake wakatawanyika, na mama huyu akaletwa kutoka Kericho kuijenga upya kwa vijana. Aliomba misimu mitatu. Baraza za Mkomani, vikao vya wazee wa mtaa, zikampa miezi mitatu. Juzi mwenyekiti wa klabu, Bwana Abdulwahid, alimwita kwake, akamkaribisha kahawa na tende, kisha akamwambia kwa upole wa kutisha: asiposhinda mechi ya leo, afunge virago. Yeye na vijana wake wote.

Kwa hiyo leo ndiyo leo.

Barka aliingia uwanjani akiwa amelowa kikoi hadi magotini. Alipokewa kwa vigelegele kama bwana harusi. Chelangat alimvuta pembeni.

"Umewafanya nini wale watu?"

"Nimewakirimu!" Barka alijipiga kifua. "Mgeni aye Amu, asipelekwe Takwa kuona magofu? Aibu! Wamengia asubuhi mai yakiwa tele, wamepija picha zao, wamekula mikate ya sinia. Kutaka kutoka, mai hayako. Mimi nimerudi na kidau kidogo, ati natafuta msaada. Bahari ni ya Mungu, kocha."

Mkono wa bahari unaokwenda Takwa, kule kisiwa cha Manda, hupitika maji yakijaa tu. Yakipwa, hubaki tope na mikoko, na boti hulala ubavu. Kila mtoto wa Amu analijua hilo kabla hajajua kusoma. Watu wa bara watalijulia wapi?

"Maji yatarudi saa ngapi?"

"Magharibi hivi. Mtezo ushakwisha."

Sitakudanganya, msomaji. Chelangat alifikiria kunyamaza. Kanuni ya ligi iko wazi: wageni wasipofika nusu saa baada ya muda, wenyeji wanapewa pointi tatu. Pointi tatu zingeokoa kazi yake. Zingewaokoa wale vijana waliokuwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, wakitafuna kucha.

Fanuel, kipa wake kutoka Nairobi, alichungulia mlangoni.

"Kocha, si tuchukue tu? Ni za bure!"

"Rudi ndani. Vaa glavu zako."

Lakini na yeye alikuwa akihesabu dakika.

Bi. Nyaguthii, kamishna wa mechi, aliinuka mezani kwake na kutazama saa. Huyu alikuwa mama wa Nyeri asiyecheka bila sababu, na sababu huziona chache. Uwanja ulinyamaza kumsikiliza.

"Nusu saa imekwisha," alisema.

Kelele zilizozuka hapo ziliwatimua punda waliofungwa nje ya ukuta. Watu walikumbatiana. Ngoma ikalia. Kwetu ilikuwa imeshinda bila mpira kuguswa!

"Bado sijamaliza," alisema Bi. Nyaguthii. Alimgeukia Chelangat. "Kocha, mwamuzi wangu yuko wapi?"

"Mwamuzi?"

"Phineas. Alilala nyumba moja na Mawingu, ile nyumba ya wageni ya Mkomani. Nimempigia tangu saa nane, simu haipatikani."

Chelangat alirudi pembeni kwa Barka, mbali na masikio ya kamishna. Barka aliinama akatazama miguu yake.

"Barka. Nani mwingine alipanda boti yako?"

"Kocha, walikuwa mezani wote, wanwa chai pamoya." Sauti ilikuwa imeshuka hadi tumboni. "Waalikwe hawa, yeye aatwe pweke? Mgeni haatwi nyumbani pweke yake! Mamangu angesikia angenilaani."

Naam. Ujanja wa Amu ulikuwa umejikwaa kwenye adabu ya Amu. Barka angeweza kumtega mtu topeni, lakini kumwacha mgeni bila kumwambia karibu, hilo hakuweza.

"Nisikilizeni," alisema Bi. Nyaguthii. "Bila mwamuzi hakuna mechi, na bila mechi hampati pointi. Wasaidizi wake wapo, lakini hawajaidhinishwa kushika filimbi ya kati. Na kumtunza mwamuzi ni jukumu la mwenyeji. Asipofika, nitaandika kwamba Kwetu wameshindwa kuandaa mechi. Pointi zote zitakwenda Mawingu. Kwani amepatwa na nini?"

"Boti yao imekwama. Maji yamewapwea," alisema Chelangat.

Ulikuwa ukweli. Haukuwa ukweli wote.

"Mna hadi saa kumi na nusu. Tukichelewa zaidi giza litatukuta, na hapa hakuna taa."

Habari ilipanda jukwaani upesi kuliko moto wa makuti. Ngoma ikakatika. Wale wale waliompigia Barka vigelegele sasa walimsukuma kwa viganja. "Kamlete! Kamlete, balaa wee!" Bwana Abdulwahid alishuka na bakora yake, kanzu nyeupe pe, uso umemkunjamana.

"Barka, kamtukue mwamuzi."

"Na Mawingu je, Mwenyekiti?" aliuliza Chelangat.

Bwana Abdulwahid alifikiri. Alifikiri kweli, msomaji, mbele za watu.

"Mwamuzi kwanza," alisema.

"Basi nitakwenda mwenyewe. Na nitawaleta wote."

Barka aliwaamuru vijana wawili washushe boti yenye injini kubwa, wakaikimbiza mpaka mdomo wa mkono ule wa bahari. Hapo ndipo maji yalipoishia. Mbele yao, kwenye tope, boti ya Barka ilikuwa imelala, na juu yake wachezaji wa Mawingu wameketi na sare zao safi zikiwa zimeshachafuka. Jua lilikuwa likiwachoma. Mwamuzi Phineas alikuwa amekumbatia viatu vyake kifuani.

Barka aliruka. Alizama hadi mapajani, akafika, akainamisha mgongo.

"Panda, bwana mwamuzi. Pole sana. Bahari hii haina adabu."

"Bahari ni bahari," alisema Phineas kwa huruma, akapanda mgongoni. Alitoka Vihiga. Tangu azaliwe hakuwahi kuona maji yakiondoka mahali yakaacha watu, na alimwamini Barka kwa kila neno. Chelangat aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Lakini Hillary, kocha wa Mawingu, hakumwamini mtu. Alikuja taratibu kwa miguu yake mwenyewe, tope likimshika, akasimama mbele ya Chelangat.

"Mimi nimefundisha mpira Kilifi," alisema. "Najua maji kujaa na kupwa. Na najua kwamba nahodha wa boti hakosei saa za maji nyumbani kwao."

"Mimi sikujua."

"Na ulipojua?"

Chelangat hakumkwepa macho. "Nilinyamaza kidogo."

Hillary aligeuza uso kuelekea botini. "Angalau husemi uongo. Njoo uone."

Kijana mmoja wa Mawingu alikuwa ameketi ukingoni mwa boti, mguu umefungwa kwa fulana, na fulana imelowa damu. Alikuwa amejaribu kutoka kwa miguu, akakanyaga chaza kwenye mizizi ya mikoko. Chaza hukata kama wembe.

"Huyu ni beki wangu wa kati. Nimekuja na kumi na mmoja, wengine klabu ilishindwa kuwasafirisha. Sasa nina kumi."

"Utaandika ripoti?"

"Nikiandika, Kwetu inafungiwa. Na vijana wako?"

"Watarudishwa makwao."

Hillary alitema mate ya chumvi. "Wangu pia ninawajenga upya. Nazijua hizo baraza zenu. Kule nyumbani ni vijiwe vya bodaboda, lakini maneno ni yale yale. Wanataka nyumba leo, na msingi haujakauka." Alinyoosha mkono. "Nitasema ni maji tu. Lakini na wewe utaingiza kumi tangu mwanzo. Sawa kwa sawa."

"Sawa."

Walipeana mikono, yote miwili imejaa tope.

Wakati wa kurudi, Barka alishika usukani bila kucheka. Mwamuzi na Mawingu walikaa mbele, wakijipangusa. Chelangat alikaa nyuma, akipanga kichwani nani atamwacha nje. Kijana yupi? Kila jina alilolitaja moyoni lilimuuma.

"Kocha," alinong'ona Barka. "Lawama usinitwike mimi pweke. Boti ni yangu, sikatai. Lakini aliyewaalika Mawingu pale mezani si mimi. Na aliyesema tutoke saa ile si mimi."

"Nani?"

Barka aliyatazama maji.

"Barka! Nani?"

"Ni nahodha wako."

Wazir! Chelangat alihisi boti nzima imezama naye.

Wazir, mtoto wa Mkomani, nyota pekee wa timu ya zamani aliyekataa kuhama wenzake walipokimbia. Wazir aliyewachukua wale vijana kula kwa mama yake. Wazir ambaye jina lake likiimbwa, uwanja mzima husimama. Mtu ambaye Chelangat angemkabidhi ufunguo wa nyumba yake bila kufikiri mara mbili.

Walifika Amu muda ukiwa umewabana kooni. Wageni wakakimbizwa wakaoge. Chelangat alimwita Wazir nyuma ya ukuta.

"Ni wewe?"

Wazir hakuuliza ni kuhusu nini. "Ndimi."

"Kwa nini, Wazir?"

"Kwa sababu wewe ukifukuzwa, utapanda ndege urudi kwenu." Alisema bila hasira, na hilo lilimuuma Chelangat zaidi. "Mimi ndia yangu ya msikitini ni moya, na ina baraza mwanzo mpaka mwisho. Kila nikipita: 'Wazir, tutarudi juu lini?' Ni wazee walionisomesha Kurani, kocha. Siku ya maziko ya baba, nimesimama kaburini, mtanga mkononi, mtu akaninong'oneza sikioni: 'Na hawa Mawingu, tutawafunga?'"

Chelangat aliegemea ukuta.

"Na vijana wako hawayawa tayari," aliendelea Wazir. "Wayua."

Alijua. Alilijua hilo kila alipolala na kila alipoamka.

"Wakishindwa, washindwe kwa miguu yao," alisema. "Nilikuja kuwafundisha hilo. Hata kushindwa kuna kujifunza. Kushinda kwa kumzamisha mgeni kwenye tope, kunamfundisha mtoto nini?"

"Kunamfundisha kubaki."

"Leo tunaingia kumi, Wazir. Na wewe utakaa benchi."

Uso wake ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa na mzazi mbele za wageni.

"Nitoe mtezo mwengine wowote. Si huu."

"Ni huu."

"Watu niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Nitasema ni uamuzi wangu, na lawama nitaibeba mimi. Ukweli ukitoka, klabu inakufa. Umenielewa?"

Wazir alivua kitambaa cha unahodha, akakiweka kiganjani mwa kocha, akaondoka kichwa chini. Chelangat alikwenda nacho moja kwa moja hadi kwa Shuaib, mshambuliaji kutoka Kiunga ambaye baraza zilimbandika jina la Chekechea kwa udogo wake, akamfunga mkononi. Shuaib alimtazama kana kwamba amefungwa pingu.

Timu zilipojipanga, jukwaa lilihesabu. Kumi. Wazir hayumo.

Kwanza watu walihesabu tena. Kisha ukaja mngurumo.

"Wa-zir! Wa-zir! Wa-zir!"

Bwana Abdulwahid alikuja mpaka kwenye mstari, bakora ikitoboa mchanga.

"Bi. Chelangat. Wazir ana nini?"

"Hana kitu, Mwenyekiti. Nimeamua."

"Umeamua?" Alitabasamu, na ningependa usilione kamwe tabasamu lile. "Mimi nimewaambia watu wangojee. Wangoje nini sasa? Tusiposhinda leo bila Wazir, hata kuaga usiye. Na hao vijana wako, boti ya alfajiri itawangoja."

"Nimesikia, Mwenyekiti."

Phineas alipuliza filimbi.

Mawingu walicheza kwa hasira ya watu waliokaushwa juani. Dakika za mwanzo tu mpira uligonga mwamba wa lango la Fanuel, ukarudi, ukapigwa tena. Fanuel akauruka, akaupangua kwa ncha za vidole. Vijana wa Kwetu walikuwa wakigongana wao kwa wao. Kila pasi iliyopotea, jukwaa lilimgeukia mtu mmoja.

"Kocha, rudi kwenu ukachume chai!"

"Muuaji wa timu!"

"Umetuletea watoto, sasa wanyonyeshe!"

Chelangat alisimama wima, mikono nyuma. Hakugeuka. Kwenye benchi, Wazir alikuwa amejifunika taulo kichwani, lakini taulo halizibi masikio. Kila tusi lililompata kocha lilipita kwake kwanza. Mzee mmoja, mwalimu wake wa chuo cha Kurani, alisimama nyuma ya benchi akapaza sauti: "Mgeni huyu hatupendi sisi! Angetupenda angemtoa mwanetu?" Wazir aliinama zaidi.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili kikaanza vibaya vile vile. Lakini Mawingu walianza kuchoka, na vijana wa Kwetu, nani angeamini, walianza kupeana mpira. Pasi moja ikafika. Ya pili ikafika. Kelele za jukwaa zikapungua, kisha zikabadilika sura. Watu wakaanza kunyanyuka bila kujua kwamba wamenyanyuka.

Jua lilikuwa limeinama Shuaib alipoupata mpira katikati ya uwanja. Alimpita wa kwanza. Wa pili akamvuta fulana, akachomoka. Kipa wa Mawingu akatoka kumkabili, na yule Chekechea akaunyanyua mpira taratibu, ukampita kipa juu ya vidole.

Goooo!

Sina maneno ya kukueleza kelele zile. Mwalimu wa chuoni alimkumbatia mtu asiyemjua. Bwana Abdulwahid alirusha kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, hewani na hakuiangalia ilipoangukia. Vijana wa Kwetu walimlundikia Shuaib mpaka asionekane. Pointi tatu, msomaji! Za haki, za miguu yao, na muda uliobaki ni wa kupikia chai tu!

Machozi yalimtoka Chelangat, na hakuyafuta. Aligeukia benchi kumtafuta Wazir, amshike mkono, amwambie yamekwisha.

Kiti kilikuwa kitupu. Taulo lilikuwa mchangani.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akamwona. Wazir alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bi. Nyaguthii, mikono ameikunja kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, ameinama sikioni mwake. Midomo yake ilikuwa ikienda. Na Bi. Nyaguthii alikuwa ameacha kuandika.

Alikuwa anasema yote. Mtu yule aliyeshindwa kubeba lawama za baraza alikuwa ameshindwa pia kumtazama mwingine akibebeshwa lawama za kosa lake.

"Wazir!" Chelangat alipiga mbio. "Wazir, usi— Wazir!"

Jukwaa lilimsikia kocha wao akiliita jina lile. Walidhani ni furaha. Walidhani amemsamehe, anamwita waje washangilie pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu afike Amu wakamwitikia kwa moyo mmoja.

"Wa-zir! Wa-zir! Wa-zir!"

Sauti yake ilimezwa humo. Aliendelea kukimbia, akiita, na kadiri alivyoita ndivyo walivyoimba.

Bi. Nyaguthii aliinuka, akafunga kalamu yake, akamwashiria Phineas asimamishe mchezo.